Haki Zote, Kama Zipo

Kila siku ya kazi, saa mbili na nusu asubuhi, Lorna Pietsch alifungua chumba cha mafaili kwenye ghorofa ya tatu ya kampuni ya filamu ya Stroudmere, mjini Burbank, akawasha taa, akachemsha kahawa, kisha akalitandaza gazeti la siku hiyo sakafuni kando ya kabati la herufi M. Ukurasa wa mbio za farasi aliuweka juu. Ardith Kolb alikuwa akisimama hapo, na koti lake lilichuruzika maji.

Ardith alikufa mwaka 1941 kwa homa ya mapafu, akiwa na miaka ishirini na minane. Pale penye mafaili alikuwa na miaka ishirini na mitatu, umri aliokuwa nao alipocheza katika *Mvua ya Toledo*, filamu ya mwaka 1936 ambayo hakuna aliyeililia. Ndani yake anaonekana kwa sekunde kumi na moja. Amesimama kituoni, mvua inamnyeshea, mwanamume mwenye kofia anamuuliza habari za treni ya Chicago, naye anajibu, "Imeshapita, bwana." Mvua ile ilitoka kwenye bomba la zimamoto. Tangu siku hiyo koti halikuwahi kukauka.

Mastaa wa filamu ile walikuwa na mawakili, kwa hiyo mikataba yao ilikuwa na mwisho. Watu wa kujaza umati walilipwa kwa siku na kwenda zao. Waliokwama ni wale wa katikati, wenye sentensi moja. Hao walipewa karatasi moja iliyopigwa chapa, na mstari wake wa sita ulisema kwamba mchezaji anakabidhi uso wake, sauti yake na mwendo wake kwa mwenye filamu na kwa yeyote atakayempokea, milele, popote ulimwenguni. Ardith alisaini akiwa mguu mmoja ndani ya kiatu, maana walikuwa wanamharakisha. Neno milele aliliona. Alidhani ni maneno tu ya watu wa ofisini.

Basi alipokufa hakwenda mbali, alikwenda kwa mwenye filamu. Kampuni iliyoitengeneza ilifilisika, filamu ikachukuliwa na benki moja ya San Francisco, naye akasimama benki miaka minane karibu na mlango, wateja wakimdhania ametoka mvuani. Benki ikawauzia ndugu wawili wa New York waliokuwa wakipelekea vituo vya televisheni filamu kuukuu. Ndugu wakagombana. Akakaa miezi sita kwa huyu na miezi sita kwa yule, mpaka mahakama ilipokata shauri. Mwaka 1957 Stroudmere wakainunua, naye akaja Burbank kwa basi, akapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, akamkuta Lorna yuko kwenye wiki yake ya pili kazini.

"Unavuja," Lorna alimwambia.

"Najua. Una gazeti?"

Urafiki wao ulianzia hapo. Ardith alisoma lile gazeti akiwa ameinama, mikono mifukoni, akachagua farasi namba tano katika mbio ya pili. Namba tano alishika mkia. Kwa miaka ishirini na minane iliyofuata Ardith alichagua farasi kila siku na hakupatia hata mmoja, na Lorna alimcheka kila siku. Mume wa Lorna alihamia Fresno mwaka 1962 na hakuomba afuatwe. Watoto hawakuwa nao. Jumamosi na Jumapili Lorna alikaa nyumbani kwake Glendale, akapiga pasi nguo ambazo tayari zilikuwa zimenyooka, akingoja Jumatatu.

Sentensi yake ya filamu Ardith hakuisema kamwe. Lorna alimwomba mara moja, zamani.

"Siyo yangu, shoga," alijibu. "Hata nikijaribu haitoki. Inagota hapa." Akaonyesha koo.

Oktoba 1985, kwenye joto la kupasua midomo, wakili wa kampuni aliingia na kikombe cha kahawa na andazi lenye tundu. Jina lake Dwight Fusco, miaka thelathini na minne, suruali ya mikanda ya mabegani. Alilikwepa gazeti bila kutazama chini, kama watu wanavyokwepa ngazi waliyoizoea.

"Bi Kolb, habari za asubuhi. Bi Lorna, tumeuzwa."

"Tena?"

"Tena. Safari hii ni mtu wa Omaha. Anatengeneza chakula cha kuku, na ana vituo vya televisheni."

"Waliotangulia walikuwa wa majeneza," Ardith alisema. "Angalau kuku wako hai."

Fusco alicheka, akauma andazi. Alieleza kwamba filamu zote mia tatu na kumi na mbili zinakwenda Omaha kimaandishi, lakini mikanda na mafaili vinapelekwa Kansas, kwenye mgodi wa zamani wa chumvi, mita mia mbili chini ya ardhi, mahali ambapo hakuna joto, hakuna unyevu, hakuna wezi. Wala hapo hakutia chumvi, ndivyo ilivyokuwa. Lorna alitakiwa kuandika kiapo kwa kila filamu kwamba umiliki umepokezanwa bila pengo tangu siku ya kwanza. Viapo viwe tayari Ijumaa. Lori lingekuja Ijumaa hiyohiyo.

"Na mimi?" Lorna aliuliza.

"Wewe utakatiwa keki."

"Huko mgodini," Ardith alisema, "kuna dirisha?"

"Bi Kolb, ni chini ya ardhi."

"Watu je?"

"Kuna mlinzi. Ila yeye anakaa juu." Fusco alifikiri kidogo, akatafuta jambo jema la kusema. "Hewa ni kavu mno. Huenda ikakufaa."

Alipotoka, Ardith aliinama akasoma farasi kwa muda mrefu kuliko kawaida. Hakuchagua yeyote.

Lorna aliketi kwenye taipureta, akaanza kuapa. Aliapa kuhusu filamu za herufi A mpaka L bila shida. Alipofika M, vidole vilimsimama, maana kuhusu *Mvua ya Toledo* alijua jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua, na alikuwa amelijua kwa miaka kumi na sita.

Sheria ya zamani ilikuwa hivi. Filamu ilikuwa na mwenyewe kwa miaka ishirini na minane, ikihesabiwa tangu mwaka ulioandikwa kwenye filamu yenyewe. Katika mwaka wa ishirini na nane, mwenyewe alipaswa kutuma fomu Washington kuomba muda mwingine. Asipotuma, filamu ilikuwa ya watu wote. Fomu ya *Mvua ya Toledo* ilitumwa mwaka 1964, nayo ilikuwa kwenye faili, safi, ina muhuri. Lakini mwaka 1969, wale wa majeneza walipoinunua Stroudmere, Lorna aliutazama mkanda kwenye meza ya kukagulia, akasimamisha picha ya majina. Chini kabisa, kwa namba za Kirumi ambazo watu wa filamu walizipenda ili watazamaji wasijue picha ni kuukuu kiasi gani, ilitakiwa iandikwe MCMXXXVI. Mchora herufi alikuwa ameandika MCMXXVI. Alisahau X moja. Kwa macho ya sheria filamu ilikuwa ya mwaka 1926, ilipaswa kuombewa muda mwaka 1954, na fomu ya 1964 ilikuwa imechelewa miaka kumi.

*Mvua ya Toledo* haikuwa mali ya Stroudmere. Haikuwa mali yao hata siku waliyoinunua. Ardith angeweza kushuka ngazi na kwenda alikotaka.

Lorna aliuzungusha mkanda, akaurudisha ndani ya kopo, akapanda juu kutandaza gazeti. Alijiambia kwamba anaogopa kufukuzwa kazi, na hiyo ilikuwa kweli kwa wiki mbili hivi. Baada ya hapo ukweli ulikuwa mwingine. Ardith akiondoka, asubuhi asingekuwepo mtu wa kumcheka. Lorna alikuwa mpweke, na upweke ulimfanya mwizi. Mwaka 1970 maktaba ya mji wa Toledo iliandika barua kuomba ile nakala moja ya filamu iliyokuwepo, waihifadhi kwa ajili ya jina la mji wao. Lorna alijibu kwamba mwenye haki hakubali. Mwaka uliofuata ofisi iliagiza nakala za filamu zisizo na soko ziyeyushwe zitolewe fedha, madini yale yaliyomo kwenye mkanda. Orodha ilipita mezani kwake aweke alama penye za kuyeyushwa. Penye *Mvua ya Toledo* aliweka X. Ile iliyokosekana, unaweza kusema, ilipatikana siku hiyo. Ukabaki mkanda mama peke yake, ule ambao nakala zote hutolewa humo.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, Lorna alipiga moyo konde. Alisogeza kiti mpaka pembeni ya gazeti.

"Ardith, nina neno."

"Sema, mwanangu." Alimwita mwanangu kila alipotaka kumchokoza, maana Ardith alizaliwa 1913 na Lorna 1922.

Lorna alisema yote. Alisema kuhusu X, kuhusu maktaba, kuhusu orodha. Hakujipunguzia. Maji yaliendelea kudondoka kutoka ukingo wa koti, moja moja, juu ya farasi wa siku ile.

Ardith alinyoosha shingo, akatazama mbele penye kabati la herufi N kana kwamba mtu mwenye kofia amesimama hapo.

"Imeshapita, bwana," alisema.

Ilitoka bila kugota. Sauti yake katika sentensi ile ilikuwa nyingine, ya chini zaidi, sauti ya binti aliyekuwa akitaraji kupewa sentensi ya pili. Aliisema tena, taratibu. Akaisema mara ya tatu akicheka kidogo. Halafu kicheko kikaisha.

"Miaka kumi na sita, Lorna."

"Ndiyo."

"Nimesimama hapa miaka kumi na sita nakuchagulia farasi."

"Ndiyo."

Hakumwita shoga wala mwanangu. Alitoka juu ya gazeti, akaelekea mlangoni. "Twende kwa wakili," alisema.

Walishuka ngazi hadi ghorofa ya kwanza, Ardith mbele, akiacha maji kwenye kila kidato. Fusco aliwapa viti. Ardith alikataa kiti kwa sababu ya kitambaa chake. Lorna aliweka mezani faili pamoja na picha ya ile namba, Fusco akahesabu herufi kwa ncha ya kalamu, midomo ikitembea.

"Lo," alisema. "Ni kweli. Ni ya watu wote tangu 1954." Alimgeukia Ardith. "Hongera, Bi Kolb."

"Basi naondoka."

"Hapo ndipo penye mushkeli." Alisema kwa upole, na upole wake haukuwa wa kuigiza. "Filamu ni ya wote. Yeyote anaweza kuinakili, kuionyesha, kuipaka rangi akitaka. Lakini kopo ni letu. Mkanda ulio ndani ya kopo ni kitu, kama hii meza, na kitu kina mwenyewe. Wewe uko ndani ya mkanda. Kama kungekuwa na nakala moja tu huko nje, maktaba, kanisani, stoo ya mtu, ningekwambia leo hii ondoka nayo, mama, nenda kwa amani. Iko wapi nakala?"

Lorna alitazama viatu vyake.

"Tunaweza kutengeneza nyingine," Lorna alisema. "Sasa hivi. Maabara iko pale ng'ambo."

"Nani ataagiza? Stroudmere imeuza. Omaha bado haijapokea. Kati ya leo na kesho hakuna mtu mwenye ruhusa ya kufungua kopo."

"Basi siapi. Siwezi kuapa hakuna pengo wakati nimeliona kwa macho yangu."

"Nani amekwambia uape uongo?" Fusco alitoa fomu ya kiapo ndani ya faili, akaiingiza kwenye taipureta yake mwenyewe, akafuta mstari wa pengo. Palipoandikwa kwamba muuzaji anamkabidhi mnunuzi haki zote, aliongeza mkato, kisha maneno mawili. Akausoma mstari kwa sauti. "Haki zote, kama zipo." Alimsukumia karatasi. "Hapo umesema kweli tupu, Bi Lorna. Zikiwepo tumempa. Zisipokuwepo hatukumdanganya."

"Na yeye?"

"Yeye anafuata kopo. Pole sana, Bi Kolb. Mimi mwenyewe mjomba wangu alisaini karatasi kama ile. Yuko Denver, kwenye ghala la matairi."

Lorna alisaini, shingo upande. Kiapo kilikuwa cha kweli, hakikuwa na kosa hata moja.

Ijumaa walikata keki. Ilikuwa imeagizwa na watu wa Omaha nayo iliandikwa *Karibu kwenye Familia*, lakini aliyeikata kwanza ni Lorna, ambaye siku hiyo alikuwa anaachishwa kazi. Saa nane mchana wapakiaji walikuwa wamemaliza kabati zote. Wale wengine wa sentensi moja, kumi na wawili waliokuwa wakicheza karata kwenye korido kwa miaka yote hiyo, walipanda lori wenyewe wakiendelea kubishana nani kaiba karata ya malkia. Ardith alipanda mwisho, akasimama kati ya maboksi. Tangu jana yake hakuwa amesema neno na Lorna.

Lorna alipanda nyuma yake na gazeti chini ya kwapa. Alipiga magoti akalitandaza. Alitaka kusema nisamehe, akasema, akarudia.

Ardith alitazama sakafuni.

"Umeligeuza," alisema. "Farasi wawe juu."

Lorna aligeuza. Mpakiaji akafunga mlango.

Baada ya mwezi mmoja, simu ililia Glendale. Alikuwa mwanamume mwenye sauti ya kuburuta, Clyde Unruh, mlinzi wa mgodi. Namba ya Lorna aliikuta ndani ya jalada la faili.

"Samahani kukusumbua, mama. Chumba changu cha kumi na nne, chumvi ya sakafuni inayeyuka. Kuna shimo sasa, na ndani ya shimo kuna binti kasimama. Nimemuuliza tufanyeje, kanijibu nikuulize wewe."

"Tandaza gazeti."

"La lini?"

"La siku hiyo. Analisoma."

"Huku gazeti letu hutoka Alhamisi tu. Tena halina farasi. Sisi hapa ni watu wa kanisa."

Basi Lorna akawa anatuma la kwake. Kila asubuhi alilinunua, akalitia bahasha bila kulifunua, akalipeleka posta kwa miguu. Kansas lilifika baada ya siku nne. Unruh alishuka na lifti kila Jumatatu akayatandaza yote, moja juu ya jingine, akamwashia taa kwa nusu saa ambayo alisema ndiyo aliyoruhusiwa. Jumanne alipiga simu kutoa taarifa.

"Anasema namba tano, mbio ya pili."

"Mbio hiyo ilishakimbiwa Alhamisi iliyopita."

"Nimemwambia. Anasema anajua. Nani alishinda?"

"Namba mbili. Walitangaza redioni."

"Nitamwambia."

Salamu Ardith hakuzituma kamwe. Lorna alimuuliza Unruh mara moja kama Ardith amesema lolote jingine. Unruh, ambaye hakuwa mtu wa kuzunguka, alisema hapana, ila taa ikizimwa humsikia akisema treni imeshapita, anaisema mara nyingi, akiwa mbali humo ndani ya giza, na kwamba inamtia huzuni hata akiwa amepanda juu. Mambo yalikwenda hivyo miaka sita.

Mwaka 1991 Unruh alipiga simu siku ya Jumatano. Omaha walikuwa wameuza. Malori matatu yalikuja asubuhi yakachukua kila kitu cha chumba cha kumi na nne.

"Kwa nani?"

"Sijui, mama. Dereva hajui. Karatasi inasema mnunuzi asitajwe. Halafu nasikia huyo mnunuzi naye aliuza mchana uleule."

"Ardith alikuwa na gazeti?"

"Nilimpa. Lori lilikuwa na maji kabla halijatoka getini."

Lorna aliandika barua kwa watu wa Omaha, wakamjibu kwamba hawana tena filamu yoyote. Alimtafuta Fusco, akaambiwa ameacha uwakili, anauza mashua. Alipiga simu Washington, na msichana mwenye adabu akamwambia kwamba kwa filamu hiyo hakuna mwenyewe aliyeandikishwa, kwa hiyo hakuna wa kumuuliza.

"Kwa hiyo ni ya nani?" Lorna aliuliza.

"Ya watu wote, mama. Hata yako."

Wiki mbili baadaye posta walimletea furushi. Yalikuwa magazeti aliyoyatuma mwisho, bahasha zao hazijafunguliwa, juu zimepigwa muhuri: *Mwenye mali amebadilika. Hakuna anwani.* Chini kabisa Unruh alikuwa ameongeza moja lililotumika. Lilikuwa bado na majimaji, na katikati ya farasi palikuwa na alama za viatu viwili, vidogo, vya kike. Lorna alilianika jikoni kwenye kamba ya vitambaa vya sahani. Lilichukua siku tatu kukauka.

Alikuwa na miaka sitini na tisa. Siku ya nne aliamka, akachemsha kahawa, akayafikiria maneno ya yule msichana wa Washington. Filamu ilikuwa ya wote, naye alikuwa mmojawapo. Alikuwa mwenye *Mvua ya Toledo* kwa haki kabisa, na mkataba ulisema mchezaji atakwenda kwa mwenye filamu. Alitoka akanunua gazeti la siku hiyo, akalitandaza sakafuni karibu na mlango, farasi juu, kisha akavuta kiti akaketi.

Saa kumi na moja jioni aliinama akaligusa kwa kidole. Lilikuwa kavu.